Kufunga na Kuunganisha Kasha la Upanuzi wa Diski kwenye Seva ya Biashara: Mwongozo Kamili

Seva ya kawaida ya biashara yenye kimo cha 2U (U ni kipimo cha kimo cha vifaa vya raki) hubeba diski 12 kubwa au 24 ndogo, na nafasi hizo zikishajaa mwenye seva hubaki na njia tatu: abadilishe diski aweke kubwa zaidi, anunue seva nyingine, au aongeze kasha la diski nje ya seva iliyopo. Mwongozo huu unahusu njia ya tatu. Mfano nitakaoufuata ni kasha la SAS (teknolojia ya kuunganisha diski za seva) la 2U lenye nafasi 12 za diski za inchi 3.5, moduli mbili za mawasiliano mgongoni na pawa saplai mbili, likiunganishwa na seva inayoendeshwa na Linux. Mwenye Windows Server atafuata hatua zilezile; tofauti itakuwa kwenye programu tu.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo linaloongoza kila hatua itakayofuata. Kila diski ya SAS ina milango miwili ya mawasiliano. Mmoja huelekea moduli A na mwingine moduli B, ili diski ifikiwe kwa njia mbili zisizokutana popote. Mnunuzi amelipia moduli mbili na pawa saplai mbili kwa sababu hiyo. Hata hivyo kasha likiunganishwa ovyo litafanya kazi vilevile: taa zote zitakuwa za kijani, diski zote zitaonekana, na kosa litajificha hadi siku kebo, moduli au UPS (betri ya akiba ya umeme) moja itakapokufa na kuzima kila kitu. Kazi ya fundi, basi, ni kuhakikisha kwamba njia hizo mbili ni mbili kweli.

Mambo ya kuthibitisha kabla ya kununua

Anza na kadi itakayokaa ndani ya seva. Kadi za SAS ziko za aina mbili kwa matumizi yetu: zinazopitisha diski kama zilivyo hadi kwenye mfumo endeshi, na zinazojenga RAID (kundi la diski linalofanya kazi kama diski moja) zenyewe kabla ya kuionyesha seva diski moja kubwa. Ukikusudia kutumia ZFS (mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe) au RAID ya Linux, chukua aina ya kwanza; kadi kama Broadcom 9300-8e, yenye matundu mawili ya nje, inatosha. Ukichukua aina ya pili, fahamu kwamba kwa kawaida kadi mbili za RAID haziwezi kugawana diski zilezile, kwa hiyo kadi itakuwa moja na kebo zake mbili zitakwenda moduli A na B.

Kagua pia mahali kadi itakapochomekwa. Kwenye seva yenye soketi mbili za kichakato, baadhi ya nafasi za kadi huhudumiwa na kichakato cha pili, na kama seva yako ilinunuliwa na kichakato kimoja, nafasi hizo zimekufa hata kama zinaonekana wazi na safi. Jedwali la nafasi hizi huwa limebandikwa ndani ya kifuniko cha seva. Pima vilevile urefu wa bamba la chuma la kadi, maana kadi yenye bamba refu haiingii kwenye nafasi fupi, na bamba fupi mara nyingi huwa limeachwa kwenye boksi la kadi bila mtu kulitazama.

Kebo za nje za SAS za kizazi cha Gb 12 kwa sekunde hutumia kichwa kiitwacho SFF-8644, na za kizazi cha Gb 6 hutumia SFF-8088. Vichwa hivi haviingiliani, ila kebo yenye kichwa kimoja cha kila aina hupatikana, na ndiyo itakayotumika kuunganisha kasha la zamani na kadi mpya. Kasi itakuwa ile ya kifaa cha zamani. Nunua kebo za mita 1 au 2. Kebo ndefu kupita haja hujazana nyuma ya raki, huziba hewa ya moto inayotoka kwenye feni, na hukunjwa kwa nguvu mpaka nyuzi zake za ndani huumia. Mwenye seva ya IBM Power anayefunga kasha la EXP24S afahamu kwamba kasha hilo lina kebo zake za matawi, zikiwemo zinazoitwa YO na X, na kila moja ina mpangilio wake. Asikisie, afuate mchoro wa kadi yake.

Suala la diski za SATA, aina ya kawaida ya kompyuta za mezani, linastahili onyo. Diski hizo huingia kwenye kasha la SAS na kufanya kazi, lakini zina mlango mmoja tu. Ukizitumia bila kipande maalumu cha kuzigawia milango miwili, moduli B haitaziona kabisa. Tofauti ya bei kati ya diski ya SATA na ya SAS ya ukubwa uleule si kubwa kiasi cha kuhalalisha kupoteza nusu ya kile ulichokilipia kwenye kasha.

Mwisho, raki. Kabati dogo la mtandao la ukutani lenye kina cha sentimita 60 halifai. Kasha lenyewe linaweza kuingia, lakini kebo na plagi za nyuma hazitapata nafasi, na ukuta haukukusudiwa kubeba mzigo huo. Kasha la diski 12 lililojaa lina uzito wa kilo 25 hadi 30. Makasha makubwa ya diski 60 au 84 huweza kuzidi kilo 100, na hayo hayafungwi bila mashine ya kunyanyulia.

Ramani ya karatasi na nakala rudufu

Chora mchoro kabla ya kushika bisibisi. Uonyeshe seva, kadi na namba za matundu yake, kasha na moduli zake, kila kebo na jina lake, na kila waya wa umeme na mahali unakochomekwa. Kisha tengeneza lebo na uzibandike kwenye ncha zote mbili za kila kebo kabla haijachomekwa, kwa sababu baada ya kuchomekwa hakuna anayerudi kubandika. Mimi hutumia majina yanayojieleza, kama vile “S1 kadi1 tundu0 – K1 moduli A”, yaani seva ya kwanza, kadi ya kwanza, tundu sifuri, kuelekea kasha la kwanza.

Chukua nakala rudufu ya data zilizopo na ujaribu kurejesha faili chache kutoka humo. Utafungua seva yenye data za watu, na kadi mpya huweza kubadilisha mpangilio wa diski zilizokuwa zikiitwa sda na sdb. Kama mfumo wako unawasha kwa kutegemea majina hayo badala ya UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika), rekebisha hilo kwanza kwenye faili la fstab.

Kufunga reli na kasha

Kama kasha limesafirishwa usiku kutoka mahali pa baridi, au limeshushwa kwenye ndege, na sasa liko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, liache ndani ya boksi lililofungwa kwa saa kadhaa. Hewa yenye unyevu ikigusa chuma baridi hugeuka matone, na matone hayo hayaonekani yakiwa ndani ya moduli.

Toa diski zote, ukiandika namba ya nafasi kwenye kila moja, ndipo ulinyanyue kasha likiwa jepesi. Lifunge chini kadiri inavyowezekana, maana raki yenye uzito juu huinama mtu anapovuta kifaa mbele. Raki ya inchi 19 imegawanywa katika vimo vya U, kila kimoja kikiwa na milimita 44.45 na vitobo vitatu. Nafasi kati ya vitobo hivyo hazilingani: kuna mbili za milimita 15.9 na moja ya milimita 12.7, na mpaka kati ya U moja na nyingine upo katikati ya ile iliyo finyu. Anayehesabu vitobo kwa macho bila kuujua mpaka huo hufunga reli kitobo kimoja juu au chini, kisha hushangaa kasha likigoma kuingia juu ya seva iliyopo. Hakikisha pia kwamba reli ya kushoto na ya kulia, mbele na nyuma, zote ziko kwenye U ileile. Reli iliyopinda kwa kitobo kimoja hukubali kasha kwa shida na kukataa kulitoa.

Kasha huingizwa na watu wawili. Likishakaa, kaza skrubu za mbele, halafu rudisha diski kila moja katika nafasi yake mpaka wenzo wake ufunge kwa mlio. Nafasi zisizo na diski zifunikwe kwa vibao vyake, kwa kuwa feni zimepangwa zivute hewa kupitia kwenye diski, na nafasi iliyo wazi huiba hewa hiyo.

Kuweka kadi ndani ya seva

Zima seva kwa utaratibu, chomoa nyaya zote za umeme, subiri dakika moja, kisha vaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli ukiwa umeunganishwa na chuma cha seva. Chomeka kadi kwa kuibana sawasawa pande zote, funga skrubu au klipu yake, na uhakikishe hakuna waya wa ndani uliolalia kipozajoto chake. Kadi hizi hupata joto kali na hutegemea upepo wa feni za seva, ndiyo maana hazifai kuwekwa kwenye kompyuta ya mezani yenye upepo hafifu.

Kebo za data

Kila kebo ya SFF-8644 ina njia nne, kila njia ikiwa na Gb 12 kwa sekunde, jumla Gb 48. Diski 12 za kuzunguka zikisoma kwa MB 250 kwa sekunde kila moja hufikia takribani GB 3 (gigabaiti), yaani Gb 24 (gigabiti). Kwa hiyo kebo moja tu inatosha kwa kasi, na hakuna sababu ya kupeleka kebo ya pili kwenye moduli ileile. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi: fundi ameona matundu mawili kwenye moduli A na matundu mawili kwenye kadi, akayaunganisha yote, akaiacha moduli B bila kebo. Kebo hizo mbili huungana kuwa njia moja pana zaidi, na moduli A ikifa zote mbili zimekufa nayo.

Ukiwa na kadi mbili, tundu 0 la kadi ya kwanza liende moduli A, na tundu 0 la kadi ya pili liende moduli B. Ukiwa na kadi moja yenye matundu mawili, tundu 0 liende A na tundu 1 liende B. Mpangilio huu wa pili hukukinga dhidi ya kifo cha kebo na cha moduli, lakini si cha kadi. Kwa maoni yangu, ofisi ndogo yenye nakala rudufu nzuri, inayoweza kuvumilia saa chache za kazi kusimama, haina haja ya kadi ya pili. Hospitali au benki inayo.

Baadhi ya moduli zina tundu maalumu la kupokea kebo kutoka kwenye seva na jingine la kuendelea mbele kwenye kasha lingine. Soma alama zilizochapishwa kando ya matundu. Toa vifuniko vya vumbi kwenye matundu utakayotumia tu, na uvihifadhi. Kwenye hewa ya pwani yenye chumvi, tundu lililoachwa wazi huota kutu mapema kuliko unavyodhani. Kichwa cha kebo huingia upande mmoja tu. Kikigoma kigeuze, usikilazimishe. Kikiingia kitatoa mlio mdogo. Kivute kidogo kwa kushika mwili wake, si utepe wake, uone kama kimeshika. Kebo za A zipitishe upande mmoja wa raki na za B upande mwingine, ili mkono au mlango utakaoivuta moja usiivute na ya pili.

Umeme

Kanuni ileile inaendelea. Pawa saplai ya kushoto ipate umeme kutoka UPS moja, na ya kulia kutoka nyingine. Hapa kuna hesabu inayosahaulika: UPS moja ikizima, iliyobaki hubeba mzigo wote. UPS mbili zenye mzigo wa asilimia 70 kila moja hazikingi chochote, kwa sababu ya kwanza ikianguka ya pili itatakiwa kubeba asilimia 140 na itaanguka papo hapo. Kila moja isizidi nusu ya uwezo wake, na afadhali iwe chini ya hapo. Kasha la diski 12 hula takribani wati 200 likiwa kazini, na zaidi ya hapo kwa sekunde chache diski zinapoanza kuzunguka.

Mwenye UPS moja tu achomeke pawa saplai moja kwenye UPS na nyingine kwenye soketi ya ukutani yenye kinga dhidi ya mruko wa umeme. Asichoruhusiwa kufanya ni kuacha kasha nje ya UPS huku seva ikiwa ndani yake. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako kasha lilichomekwa kwenye soketi ya ukutani pekee. Mfanya usafi aliichomoa plagi apate pa kuchomeka mashine ya kusugulia sakafu. Seva haikuzima, ila diski zote zilitoweka ikiwa katikati ya kuandika hifadhidata ya mauzo, na tulilala hapo siku mbili tukiirejesha.

Kuwasha

Washa kasha kwanza. Subiri dakika mbili hivi hadi diski zote ziwe zimeanza kuzunguka na taa za moduli zote mbili zimetulia, ndipo uwashe seva. Wakati wa kuzima ni kinyume chake: seva kwanza, kasha mwisho. Seva ikiwashwa kabla ya kasha, kadi huweza kukagua nyaya, kukosa diski, na mfumo ukaanza bila sehemu yake ya kuhifadhia data.

Kuthibitisha ndani ya mfumo endeshi

Endesha amri lsscsi -g. Unapaswa kuona diski zako pamoja na mistari miwili yenye neno “enclosu”, mmoja kwa kila moduli. Ukiona mstari mmoja, moduli moja haijafikiwa. Rudi kwenye kebo.

Usishtuke ukihesabu diski 24 badala ya 12. Kila diski imeonekana mara mbili, mara moja kupitia kila njia, na mfumo bado haujajua kwamba ni kitu kimoja. Hapa ndipo mahali pa hatari kuliko pote katika kazi hii, kwa sababu anayeharakisha anaweza kujenga RAID ya “diski 24” na kuandika juu ya diski ileile kutoka pande mbili. Tumia lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,WWN na utaona kila namba ya WWN (utambulisho wa pekee wa diski) ikijirudia mara mbili.

Sakinisha programu ya njia nyingi: kwenye familia ya Red Hat ni device-mapper-multipath, na kwenye Debian na Ubuntu ni multipath-tools. Ikishaanza, amri multipath -ll itaonyesha kila diski kwa jina moja, kama mpatha, na chini yake njia mbili zenye maneno “active ready running”. Kuanzia hapo, tumia majina yaliyo chini ya /dev/mapper na usiguse tena majina ya sd. Kwenye Windows Server, ongeza kipengele cha MPIO (cha njia nyingi), kiruhusu kihudumie vifaa vya SAS, kisha uiwashe seva upya.

Kabla ya kuweka data, ipe kila diski jaribio refu kwa smartctl -t long. Diski ya TB 16 inayosoma kwa wastani wa MB 200 kwa sekunde huhitaji zaidi ya saa 22 kupitiwa yote, kwa hiyo panga kazi hii mwishoni mwa juma. Kiasi hichohicho cha muda, au zaidi, ndicho kitakachotumika kujenga upya diski iliyokufa, na ndiyo sababu kwa diski za ukubwa huu nashauri RAID 6 au raidz2 (ya ZFS), zinazovumilia kufa kwa diski mbili, badala ya RAID 5.

Jaribio la kuchomoa

Njia mbili zilizo kwenye mchoro hazijathibitika mpaka moja ichomolewe wakati nyingine inafanya kazi. Anzisha usomaji mrefu kwa dd if=/dev/mapper/mpatha of=/dev/null bs=1M, na kwenye dirisha jingine endesha watch multipath -ll. Chomoa kebo ya moduli A. Usomaji utasimama kidogo, pengine sekunde kadhaa, kisha utaendelea; njia moja ya kila diski itaonyeshwa kuwa imekufa au itatoweka kwenye orodha. Rudisha kebo, na usiguse chochote hadi njia zote mbili za kila diski zirudi, kwa maana kuchomoa ya pili mapema ni kujizimia mwenyewe. Kisha fanya vivyo hivyo kwa moduli B.

Endelea na umeme: zima UPS ya kwanza kabisa, si kuchomoa waya wa kasha pekee, kwa sababu unataka kujua kama seva, kasha na swichi ya mtandao vyote vinabaki hai kwa UPS iliyobaki. Washa tena, subiri, zima ya pili. Jaribu pia taa ya kutambulisha diski kwa ledctl locate na uone kwamba taa inayowaka ni ya nafasi uliyoitarajia. Siku diski itakapokufa usiku, taa hiyo ndiyo itakayomzuia mtu asitoe diski isiyo na hitilafu.

Kasha la pili likija

Makasha huunganishwa kwa mnyororo: la kwanza huendeleza kebo hadi la pili, na la pili hadi la tatu. Upande wa A, seva iingie kasha la kwanza na mnyororo ushuke hadi la mwisho. Upande wa B ufanywe kinyume: kebo ya seva iende moja kwa moja kwenye kasha la mwisho, na mnyororo upande hadi la kwanza. Ukiunganisha pande zote mbili kwa mwelekeo mmoja, kasha la kwanza likizimika litakata yote yaliyo nyuma yake. Ukizipishanisha, makasha yaliyobaki yatafikiwa kutoka upande wa pili. Kebo ya B itakayofika kasha la mwisho itahitaji kuwa ndefu kuliko nyingine, kwa hiyo pima urefu wake kwenye mchoro leo, hata kama kasha hilo litanunuliwa mwaka ujao, na uache nafasi ya 2U wazi karibu na kasha la kwanza.